Chuck Feeney: askari wa zamani aliyetajirika kwa maduka ya viwanja vya ndege, kisha akagawa yote angali hai

Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi ausome jioni akitulia.

Namleta kwenu Charles Feeney, ambaye karibu kila mtu alimwita Chuck. Alifariki San Francisco tarehe 9 Oktoba 2023 akiwa na miaka 92. Alikuwa akiishi na mkewe katika fleti ya kupanga. Mikononi mwa mzee huyu zimepita zaidi ya dola bilioni 8, zikaenda kwenye vyuo, hospitali, maabara na vikundi vya kutetea haki katika mabara matano. Katika majengo yote aliyoyalipia hakutaka hata moja liandikwe jina lake.

Kwa nini namleta. Mimi ni mjumbe wa kamati ya kituo kimoja cha kulea watoto. Nimeshuhudia wafadhili wakifika na magunia, watoto wakasimamishwa juani hadi mpiga picha apate nafasi nzuri, ndipo mzigo ushushwe. Nimeona binti wa darasa la nne akiambiwa ainue tena mfuko wa sukari na atabasamu, kwa kuwa picha ya kwanza haikutoka vizuri. Unga tuliupokea, maana watoto lazima wale, lakini sura ya yule binti sijaisahau. Nilipoanza kumsoma Feeney nikakuta mtu aliyeliona jambo hili tangu utotoni, na alipopata fedha akalitengenezea utaratibu mzima wa kulizuia. Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze kuliko ukubwa wa mabilioni yake.

Alizaliwa Elizabeth, New Jersey, tarehe 23 Aprili 1931, Marekani ikiwa katikati ya ule mdororo mkubwa wa uchumi. Wazazi wake walikuwa na asili ya Ireland. Mama alikuwa muuguzi, baba alifanya kazi ya bima. Hawakuwa wa kulala njaa, ila kila senti ilihesabiwa. Akiwa na miaka kumi Chuck alikuwa anabisha hodi mlango kwa mlango akiuza kadi za Krismasi.

Sasa sikilizeni habari ya mama yake. Jirani yao mmoja alishikwa na ugonjwa ule unaodhoofisha misuli taratibu hadi mtu ashindwe kutembea. Kila asubuhi alijikokota kwenda kituo cha basi. Mama Feeney akawa anamvizia. Akimwona anatoka, naye anavaa koti, anachukua gari, anasimama kando yake na kumwambia kwamba yeye pia anaelekea njia ileile. Hakuwa na safari yoyote. Alifanya hivyo mara nyingi, na yule jirani akawa anapanda gari kama mtu aliyepewa lifti na jirani mwenzake, si kama mgonjwa anayeonewa huruma. Feeney alikuwa akiisimulia habari hii hata uzeeni.

Naendelea na jeshi hapo chini.

Mleta uzi

Mwaka 1948 alijiunga na jeshi la anga la Marekani kwa hiari, kijana wa miaka 17. Alipelekwa Japani kama mtu wa redio, kazi ya kusikiliza na kunasa mawasiliano ya upande wa pili. Vita vya Korea vilipolipuka Juni 1950 alikuwa hukohuko, na akaitumikia miaka yake minne. Niseme wazi ili asije mtu akamvisha sifa zisizo zake: hakuwa askari wa miguu kwenye mahandaki. Vita vyake vilikuwa vya masikio, usiku kucha na vipokea sauti masikioni.

Jeshi lilimpa vitu viwili. Cha kwanza ni lugha. Wenzake walipokwenda kustarehe, yeye alijifunza Kijapani. Kishikeni hicho, kitarudi.

Cha pili ni ada. Baada ya Vita vya Pili Marekani ilitunga sheria ya kuwasomesha wanajeshi waliotoka vitani, maarufu kwa jina la GI Bill, na waliotumikia wakati wa Korea wakapata ya kwao mwaka 1952. Ilikuwa dola 110 kwa mwezi. Feeney akaenda Chuo Kikuu cha Cornell kusomea uendeshaji wa hoteli, akiwa wa kwanza katika familia yao kukanyaga chuo. Dola 110 hazikutosha, basi akaanza kutengeneza sandwichi chumbani na kuzipitisha usiku kwenye mabweni. Wanafunzi wakambatiza jina la Mtu wa Sandwichi.

Mnanielewa ninakoelekea? Cornell baadaye ilipokea kwake karibu dola bilioni 1, na mwanzo wake ni hizo dola 110 za serikali. Nchi ilimkopesha kijana wa mtaani, asiye na mjomba wala shangazi wa kumsaidia, na hakuna aliyejua atarudisha nini.

Alipohitimu mwaka 1956 akagundua kwamba haki yake ya masomo bado ina miezi kadhaa. Wengi wangeiacha. Yeye alikwenda Grenoble, Ufaransa, akamalizia huko na kujifunza Kifaransa.

Bint Pangani

Mkuu, hapo kwa mama umenigusa. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akipika kingi makusudi, kisha anatutuma kwa jirani tukaseme "bibi amesema chakula kimebaki, tusaidieni kisiharibike". Tulikuwa tunajua hakikubaki. Lete biashara sasa, alitajirikaje?

Mleta uzi

Dada, bibi yako na mama Feeney wangeelewana sana. Haya, biashara.

Kusini mwa Ufaransa, pale Villefranche, ndipo meli za kivita za Marekani zilikuwa zikitia nanga. Baharia wa Marekani aliruhusiwa kupeleka nyumbani chupa tano za pombe bila kutozwa ushuru. Tofauti ya bei ilikuwa kubwa, na mabaharia walikuwa maelfu. Feeney akaingia humo. Alikuwa anaongea lugha yao kwa sababu alikuwa mmoja wao juzi tu. Anajua mshahara unatoka lini, anajua mwanajeshi anataka nini akifika bandarini. Huko akakutana tena na mwenzake wa Cornell, Robert Miller, aliyekuwa akifanya kazi hotelini Barcelona. Wakashikana mikono, wakawa wanafuata meli bandari hadi bandari wakichukua oda.

Mwaka 1960 wakaanzisha kampuni iliyokuja kuitwa Duty Free Shoppers, yaani DFS, ya maduka ya bidhaa zisizotozwa ushuru, wakaanza na Hong Kong, kisha Honolulu. Msidhani ilinyooka. Walitanuka haraka mno, wakauza hadi magari kwa wanajeshi waliokuwa ng'ambo, na fedha za amana za wateja wapya zikawa zinalipia oda za wateja wa zamani. Mhasibu kijana, Alan Parker, alipokaa na vitabu akakuta kampuni imeshakufa kwenye karatasi, madeni yamezidi mali. Wakafunga walichoweza, wakabana matumizi, wakanusurika. Parker naye akapewa hisa, na pamoja nao akawemo mwanasheria Tony Pilaro.

Kilichowaokoa ni Wajapani. Mwaka 1964, mwaka wa Olimpiki ya Tokyo, Japani iliwaondolea wananchi wake vizuizi vya kusafiri nje kwa matembezi. Watu waliokuwa wamejifungia na kuweka akiba kwa miaka wakaanza kupanda ndege, na kwao kusafiri bila kurudi na zawadi kwa ndugu, majirani na bosi ni aibu. Feeney alikuwa anasubiri mlangoni, tena anaongea Kijapani. Akaajiri wauzaji wanaojua lugha hiyo, akajaza rafu konyaki, sigara na mikoba ya ngozi, akawapa kamisheni viongozi wa misafara ya watalii ili mabasi yapitie dukani kabla ya kwenda ufukweni. Baadaye akawa na wachambuzi wa kukisia mji gani Wajapani wataufuata mwaka unaokuja. Waliona Saipan, kisiwa kidogo kwenye Pasifiki, kiko karibu na Tokyo ila uwanja wa ndege wa maana hakuna. DFS ikatoa dola milioni 5 kusaidia kuujenga, kisha ikafungua duka.

Kufikia 1977 gawio lake la mwaka lilikuwa dola milioni 12. Miaka ya themanini ilizidi hapo mara nyingi.

Mzee wa Kurasini

Sawa, lakini tusimpambe kupita kiasi. Utajiri wa pombe na sigara. Na nimesoma kwamba mfuko wake aliusajili Bermuda. Sisi tuliofanya kazi na mizigo bandarini tunajua Bermuda ni nini. Mtu anakwepa kodi ya nchi iliyomsomesha, halafu anaitwa mfadhili?

Mleta uzi

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako ni la haki na silikwepi.

La kwanza, ni kweli. Familia ilihamia Bermuda mwishoni mwa miaka ya sabini na kodi ilikuwa sababu. Wakati wa kutafuta fedha Feeney alikuwa mfanyabiashara mkali, alilipa kile tu ambacho sheria ilimlazimisha. Pombe na sigara nazo ni kweli.

Lakini kwa mfuko, tazama hesabu yenyewe. Sheria ya Marekani inataka wakfu utangaze kila mwaka unampa nani na kiasi gani. Ukifuata hivyo unapata punguzo la kodi, na hapo ndipo matajiri wengi hufaidika. Bermuda hapakuwa na sharti la kutangaza. Feeney aliuanzisha wakfu wake huko mwaka 1982 ili atoe kwa siri, na kwa kufanya hivyo alipoteza lile punguzo. Alilipia siri yake kwa fedha taslimu. Kwa hiyo kwenye kutafuta unaweza kumlaumu, ila kwenye kutoa hesabu inasema kinyume na unavyodhani.

Sasa nifike kwenye kiini cha uzi huu. Tarehe 23 Novemba 1984 walikutana Bahamas yeye, mkewe wa kwanza Danielle, na mwanasheria Harvey Dale. Zikasainiwa karatasi za kuhamisha hisa zake zote za DFS, asilimia 38.75 ya kampuni, kwenda kwenye wakfu. Ulikuja kujulikana kama Atlantic Philanthropies. Mke na watoto watano walitengewa fungu lao. Yeye mwenyewe, asubuhi akiwa tajiri mkubwa, alitoka pale akibaki na chini ya dola milioni 5, na karatasi zile hazikuwa na mlango wa kurudi nyuma. Akijuta kesho, imekula kwake.

Wakuu, tofautisheni. Tajiri wa kawaida hutoa faida, akabaki na shamba. Feeney alitoa shamba lenyewe na mbegu ghalani, kisha akaendelea kulilima miaka mingine kumi na mbili kama kibarua, kwa sababu aliendelea kuisimamia DFS huku kila senti ikienda kwenye wakfu. Wabia wake walikuwa hawajui kwamba hisa si zake tena. Mwaka 1988 jarida la Forbes likamworodhesha miongoni mwa matajiri wakubwa wa Marekani, likamkadiria dola bilioni 1.3. Wakati huo alikuwa ameshatoa vyote, miaka minne imepita. Akanyamaza.

Ustadhi Gongo la Mboto

Assalaam alaykum. Katika hadithi sahihi Mtume, rehema na amani zimshukie, amewataja watu saba watakaopata kivuli cha Mwenyezi Mungu siku isiyo na kivuli isipokuwa chake, na mmoja wao ni aliyetoa sadaka akaificha hata mkono wake wa kushoto usijue wa kulia umetoa nini. Na ndugu zetu Wakristo wanayo karibu maneno hayohayo katika Mathayo sura ya 6. Sasa nauliza, waliopokea walijua imetoka kwa nani?

Mleta uzi

Waalaykum salaam ustadhi. Wengi hawakujua. Utaratibu ulikuwa hivi: mtu wa Atlantic anafika chuoni, anazungumza na mkuu wa chuo, anatazama mipango, anaondoka. Baadaye fedha zinakuja kupitia njia ambazo jina la mtoaji halipo. Sharti moja zito: hakuna bango, hakuna jina, na taarifa ikivuja bomba linafungwa. Mara nyingi Feeney mwenyewe alikuwa ameshatembea kwenye korido za chuo hicho kama mzee fulani mwenye mfuko wa plastiki uliojaa magazeti, na hakuna aliyejisumbua kumwangalia mara mbili. Ule mfuko wa plastiki ndio ulikuwa mkoba wake. Saa yake ilikuwa Casio ya dola 15 hivi. Ndege alipanda daraja la kawaida hadi uzee ulipomlazimisha kubadilika.

Kilichofichua siri ni mauzo. Mwaka 1996 Feeney na Parker walikubali kuuza hisa zao za DFS kwa LVMH, kampuni ya Kifaransa ya bidhaa za anasa, Miller akapinga. Kesi ikanukia, na mahakamani kila karatasi ingeanikwa. Feeney akaona bora aseme mwenyewe, na Januari 1997 gazeti la New York Times likaandika kwamba mfadhili asiyejulikana aliyekuwa akisaidia vyuo na mashirika miaka yote ile ni yeye. Kutokana na mauzo hayo wakfu ukapata dola bilioni 1.63.

Ndugu Nakuru

Uzi mtamu sana huu. Huku kwetu harambee inafanyika na orodha inasomwa kwa kipaza sauti, fulani ametoa laki, fulani elfu tano, na yule wa mia tano anatamani ardhi ipasuke aingie. Mzee, hebu tuambie hizo pesa zilifanya nini hasa, maana kutoa ni kitu kimoja na kazi kuonekana ni kingine.

Mleta uzi

Ndugu, siwezi kuyamaliza yote, nitachukua matatu ninayoyapenda.

Ireland. Alianza kufika Limerick miaka ya themanini, chuo kikiwa kichanga. Ireland ya wakati ule ilikuwa inasafirisha vijana kwenda kutafuta kazi nje, na vyuo havikuwa na fedha ya utafiti ya kutaja. Mwaka 1998 Atlantic iliweka mezani pauni milioni 75 za Ireland kwa ajili ya utafiti vyuoni, kwa sharti kwamba serikali nayo iweke kiasi kilekile. Serikali ikaweka. Hapo ndipo ninapomkubali zaidi kama mfanyabiashara: fedha yake ilikuwa ndoano ya kuvuta fedha ya umma ambayo isingetoka. Maabara zikajengwa, watafiti waliokuwa wamehama wakaanza kurudi. Mwaka 2012 vyuo vikuu vya kisiwa kizima, kaskazini na kusini, viliungana kumpa shahada moja ya heshima.

Ireland hiyohiyo ina upande wa vita. Novemba 1987 bomu la IRA, kundi la silaha lililokuwa likipigana kuuondoa utawala wa Uingereza Ireland ya Kaskazini, lililipuka katika mji wa Enniskillen huko kaskazini wakati watu wamekusanyika kuwakumbuka wanajeshi waliokufa vitani. Feeney, askari wa zamani mwenye damu ya Ireland, aliona picha zake kwenye televisheni akachafukwa. Miaka michache baadaye akajiunga na kikundi kidogo cha Wamarekani wenye asili ya Ireland waliokuwa wakienda na kurudi Belfast kuwashawishi watu wa Sinn Féin, chama cha siasa kilichokuwa upande wa IRA, kwamba njia ya siasa ipo. Chama kilipofungua ofisi Washington aliigharamia kwa fedha zake binafsi, kwa kuwa wakfu kisheria usingeweza. Wapo waliomlaumu kwa hilo na lawama zao zina uzito, maana damu ilikuwa bado haijakauka. Mimi naona alikuwa akiwanunulia watu wa bunduki kiti kwenye meza ya mazungumzo. IRA ilitangaza kusimamisha mapigano tarehe 31 Agosti 1994, na mkataba wa amani ukasainiwa Belfast tarehe 10 Aprili 1998. Waliofanya kazi hiyo ni wengi, yeye alikuwa mmoja.

Vietnam. Huyu alikuwa amevaa sare ya Marekani katika Asia, na alikuwa akiamini kwamba nchi yake iliwatendea vibaya watu wa Vietnam. Kuanzia 1998 alikuwa akifika Da Nang mara kwa mara. Akaanza na hospitali ya mji, akatazama mpaka vyoo, akauliza wauguzi wanakosa nini. Zikafuata zahanati za vijijini, maktaba kubwa za vyuo, mafunzo ya wauguzi. Katika afya ya Vietnam peke yake Atlantic iliweka takribani dola milioni 270.

Na Afrika Kusini, hapa kwetu barani. Atlantic iligharamia Chuo Kikuu cha Western Cape, ambacho utawala wa makaburu ulikianzisha kwa ajili ya watu wasio weupe na kukiacha nyuma kwa vifaa. Ikawasaidia pia wanasheria wa Legal Resources Centre na wanaharakati wa Treatment Action Campaign, wale waliopambana na serikali hadi dawa za UKIMWI zikawafikia kina mama wajawazito. Hapo hakuna jengo la kupiga picha. Ni mishahara ya mawakili na nauli za wagonjwa kwenda mahakamani, lakini watoto waliozaliwa salama wapo leo na ni watu wazima.

Kijiwe cha Boda Makambako

Mimi ni dereva wa boda, mwaka wa ngapi sijui barabarani. Kuna mtu aliwahi kuniambia Vietnam wote wana pikipiki na wote wanavaa helmeti. Huyu mzee alihusika?

Mleta uzi

Kaka, umeuliza kitu kizuri, na ndiyo, Atlantic ilikuwemo. Vietnam ilikuwa na mamilioni ya pikipiki na wengi hawavai kitu kichwani. Helmeti zilionekana nzito, za joto, zinaharibu nywele. Atlantic ikaligharamia shirika la Asia Injury Prevention lililokuwa likitengeneza helmeti nyepesi za nchi za joto na kuendesha kampeni kali kwenye televisheni na mabango. Wakati huohuo serikali ikashawishiwa juu ya sheria. Tarehe 15 Desemba 2007 sheria ikaanza: kila dereva na kila abiria wa pikipiki, barabara zote. Kilichowashangaza watu ni kwamba ilitiiwa karibu usiku mmoja, miji mizima ikaamka imevaa. Wanaoandika sheria zetu za bodaboda wangetakiwa wakae na hadithi hiyo, kwa sababu helmeti nyepesi na ya bei nafuu ilitangulia, faini ikafuata. Sisi mara nyingi tunaanza na faini.

Bint Pangani

Na watoto wake? Mzazi akigawa vyote, watoto wanabaki na kinyongo. Nimeona familia zikivunjika kwa kidogo kuliko hicho.

Mleta uzi

Dada, kama nilivyosema walitengewa fungu lao, hawakuachwa hivihivi. Ila aliwalea kwa mkono mgumu. Likizo walifanya kazi za kuhudumia mezani na kusafisha vyumba hotelini kama watoto wengine. Bili ya simu ilipopanda kwa sababu ya mabinti na rafiki zao, alikata simu ya nyumbani, akabandika ukutani ramani ya mtaa iliyoonyesha vibanda vyote vya simu za kulipia, na sarafu pembeni. Watoto wake baadaye walimsemea vizuri, wakasema baba aliwaondolea mzigo wa kufuatwa na watu kwa ajili ya fedha. Ndoa yake ya kwanza lakini ilivunjika, miaka ya tisini mwanzoni, na sitaki kuipamba. Mtu anayesafiri dunia nzima na siri ya aina ile lazima nyumbani kuna anayeumia. Baadaye alimwoa Helga, aliyewahi kuwa katibu wake, na ndiye aliyekuwa naye hadi mwisho.

Mzee wa Kurasini

Marahaba kijana, nimerudi. Kuhusu Bermuda nimekuelewa, kuhusu pombe bado. Nina jingine. Mtu mmoja anayeamua peke yake, kwa siri, nchi ya watu ipate maabara gani na sheria gani, ni hatari. Leo ni mwema. Kesho mwenye mabilioni kwa siri anakuwa mtu wa aina nyingine. Nani anamkagua?

Mleta uzi

Mzee wangu, hapo umenikamata pazuri na nakubaliana nawe zaidi ya nusu. Siri inayomlinda mpokeaji asidhalilike ni njema. Siri inayoficha nani anasukuma sera ya nchi ni jambo jingine kabisa, na kwa miaka kumi na tano ya mwanzo wakfu wake ulikuwa na zote mbili kwa pamoja. Baada ya 1997 milango ilifunguka, na Atlantic ikawa inachapisha ruzuku zake, na hata fedha zilizokwenda kwenye mambo ya ubishi, kama dola milioni 62 za kampeni ya kufuta adhabu ya kifo Marekani, zinajulikana. Naona hapo palikuwa pazuri zaidi kuliko mwanzo. Kama ningekuwa natunga kanuni ya wafadhili, ningesema majina ya wapokeaji wanyonge yafichwe, majina ya watoaji wakubwa wanaogusa sheria yawekwe wazi. Kwetu mambo yako kichwa chini: sura ya mtoto yatima iko kwenye kalenda ya mfadhili, na anayegharamia siasa hajulikani.

Fundi Seremala

Swali la mwisho kwangu. Wakfu si hudumu milele? Mbona unasema walifunga?

Mleta uzi

Fundi, wengi hudumu milele kwa sababu hutoa faida tu na mtaji hauguswi. Feeney alikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba matatizo ya leo yanahitaji fedha leo, na matajiri wa kesho watashughulika na ya kesho. Mwaka 2002 bodi ikaamua rasmi kutumia kila kitu na kufunga. Huo ni uamuzi mgumu kuliko unavyosikika, maana wafanyakazi na wakurugenzi wanajimalizia ajira wenyewe. Ruzuku ya mwisho ilitoka Desemba 2016, dola milioni 7 kwa Cornell, kuwasaidia wanafunzi wanaojitolea kwenye jamii. Tarehe 14 Septemba 2020 Feeney, mkewe akiwa kando yake, alisaini karatasi za kuivunja Atlantic kwenye kikao cha mtandaoni, kwa kuwa ulikuwa wakati wa korona. Kwa ajili ya uzee wao wawili alikuwa amebakiza kama dola milioni 2.

Warren Buffett na Bill Gates wote wamesema hadharani kwamba yeye ndiye aliyewatangulia kwenye njia ya kuwahimiza mabilionea watoe wakiwa hai.

Sasa kitu cha kufanyia kazi, hasa vijana wa afya na maendeleo humu ndani. Kabla ya kufunga, Atlantic iliacha fedha za programu za Atlantic Fellows, za kuwasomesha na kuwaunganisha watu wanaopambana na ukosefu wa usawa. Iliyoko London School of Economics ilipewa zaidi ya pauni milioni 64 na inachukua watu kutoka pande zote za dunia. Ya afya ya ubongo iko California na Dublin, nayo inapokea waombaji wa Afrika. Ya Afrika Kusini inaendeshwa na Tekano, ila inawalenga wanaofanya kazi nchini humo, kwa hiyo wenzetu mlioko Johannesburg na Cape Town itazameni. Someni masharti ya kila moja kwenye tovuti zao, msimlipe mtu yeyote anayesema atawajazia fomu. Anayewahi kuomba atuambie hapa alivyoulizwa kwenye usaili, itawasaidia wanaofuata.